Mwenye Mizani: Paul Bomani na Siasa ya Pamba

Ukitaja siasa na Mkoa wa Mara, watu wote wanakimbilia Butiama. Nawaelewa. Pale Mwitongo kuna kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake, na sisi wenyewe tukipata mgeni ndiko tunakompeleka. Lakini jirani na Butiama, upande wa Bunda, kuna Ikizu, na huko alizaliwa, tarehe 1 Januari 1925, mtu ambaye wajukuu zangu hawamjui kabisa: Paul Bomani. Enzi hizo Bunda haikuwa wilaya, kote huku kuliitwa Musoma. Baba yake, Lazaro, alikuwa mhubiri wa Kisabato, Msukuma aliyekuwa katika kazi ya injili. Mtoto wa mhubiri huyo ndiye aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanganyika, na hakufika huko kwa hotuba. Alifika kwa mizani ya pamba.

Mimi ni mkulima wa pamba. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha msingi wilayani Bunda, nikisoma mizani na kuandika stakabadhi baada ya ushirika kurudishwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo msinisome kama mwanahistoria. Nisomeni kama mtu aliyekaa nyuma ya meza ya kununulia na kujua jinsi chombo kile kinavyoweza kusema uongo.

Nianze na wizi wenyewe, kwa sababu asiyeuelewa hawezi kumwelewa mtu aliyepata jina kwa kuuzuia.

Pamba ni kazi ya mwaka mzima. Kwetu tunapanda mvua za Novemba na Desemba zikishika, tunapunguzia miche, tunapalilia mara mbili au tatu, tunapiga dawa ya funza wa vitumba, halafu kuanzia Mei na Juni tunachuma. Tunaianika, tunaichambua kwa mikono: nyeupe isiyo na taka ni pamba safi, yenye madoa na majani ni pamba fifi, na bei zake ni mbili. Kisha jasho lote hilo linatiwa kwenye gunia, linaning'inizwa kwenye ndoano, na hatima yake inaamuliwa kwa muda wa kupepesa jicho.

Hapo ndipo penye kazi. Mshale unaweza kuwa haukuanzia sifuri. Mnunuzi anaweza kusoma mshale ungali unacheza, kabla haujatulia, akataja namba ya chini. Anaweza kukata uzito wa gunia zaidi ya uzito wake halisi. Anaweza kukata zile ratili za juu ya kumi na kusema ni mchanga. Anaweza kuingiza mkono, akatoa kitonge kimoja chenye jani, akatangaza mzigo wote ni fifi. Na akimaliza hayo bado ana nafasi ya mwisho, kuhesabu fedha mbele ya mtu asiyejua kusoma, jua la saa nane, foleni nyuma inasukuma.

Katika miaka ya 1940 wanunuzi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wenye leseni ya serikali, pamoja na wenye vinu vya kuchambulia pamba. Wapo wazee wanaosimulia jambo hili kama tabia ya kabila la watu. Mimi sikubali. Nimekaa na makarani Waafrika weusi kama mimi waliojua kuchezea mshale kuliko Mhindi yeyote. Kilichowapa wale nguvu ni leseni: serikali ya Mwingereza ilipanga nani anunue na wapi, na mkulima aliyeonewa hakuwa na duka la pili la kwenda. Na tuseme kweli yote, mkulima naye hakuwa malaika. Pamba iliyonyunyiziwa maji usiku, au yenye mawe katikati ya gunia, nimeikuta mwenyewe, mara nyingine ikiletwa na mzee wa kanisa.

Baba yangu mdogo alibeba pamba miaka hiyo akiwa kijana. Nilipomuuliza walijuaje kuwa wanaibiwa na hali hawasomi, alinicheka.

"Mama, mabega yanasoma. Umebeba mzigo kutoka nyumbani mpaka sokoni, uzito wake unaujua. Unafika pale unatajiwa namba ambayo mabega yanaikataa."

"Mlifanya nini sasa?"

"Tulinung'unika njiani kurudi. Ungefanya nini na kodi inadaiwa?"

Wakati huo huo Bomani alikuwa anajifunza hesabu. Alisoma Nassa na hapa kwetu Ikizu, akafanya kazi ya ofisini kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaenda Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Mimi hapo ndipo ninapomwona mtu kamili. Mwalimu Nyerere, aliyemzidi miaka mitatu tu na kutoka kijiji kisicho mbali, alipita njia ya Tabora na Makerere, akatoka mwalimu. Bomani alitoka karani. Alijua maana ya daftari la mapato, deni, akiba, faida inakojificha. Kwa hiyo wakulima walipokuwa wakinung'unika kuwa Wahindi wanawaibia, yeye aliweza kuwaonyesha ni wapi, na kiasi gani.

Dawa ya kwanza haikuwa chama kikubwa. Sehemu kadhaa za ukanda wa ziwa, Ukerewe ikiwamo, wakulima walichanga wakanunua mizani yao na kumweka mpimaji wao. Mkulima alipima kwanza kwao, akajua uzito wake, ndipo aende kwa mnunuzi. Ni jambo dogo mno ukiliandika, lakini fikirini lilivyobadilisha maongezi pale mezani. Jana yake mkulima alisema "naona umepunguza". Siku hiyo alikuja na namba.

Mwaka 1952 Bomani, mwenye miaka 27, akawa mbele katika kuunganisha vikundi vile kuwa umoja wa wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Alizunguka vijijini akiwaambia wasiishie kupima. Wanunue wenyewe, wakusanye wenyewe, mwisho wamiliki na kinu. Alikuwa pia kiongozi wa Tanganyika African Association, TAA, katika jimbo hilo, na hapo siasa na pamba zikaingiana hata usiweze kuzitenganisha. Maana kero za vijijini hazikuwa mizani tu. Usukumani serikali ilikuwa na mpango mkubwa wa kilimo ulioanza mwaka 1947, wenye sheria za matuta, sheria za kupunguza mifugo kwa nguvu, faini kwa asiyetii. Mtaalamu alimwambia mkulima afunge matuta ili kuzuia mmomonyoko, na kitaalamu huenda alikuwa sahihi; lakini aliyeleta habari hiyo alikuja na askari wa mtemi na kitabu cha faini.

Huo ndio wakati ambao wakulima wa Tanganyika walianza kutoa wanasiasa wao. Kule Meru, baada ya familia za Wameru kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York mwaka 1952 kuishtaki serikali mbele ya Umoja wa Mataifa. Wameru walikuwa na ardhi ya kugombania. Sisi wa ziwa ardhi tulikuwa nayo. Tulichogombania ni bei ya kilichotoka ndani yake.

Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza, chuo cha ushirika cha Loughborough, akarudi mwaka uliofuata. Ndiyo sababu hayumo katika picha za Julai 1954, TANU ilipozaliwa Dar es Salaam. Aliporudi alikuta serikali imekataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na marufuku ile ilidumu mpaka mwaka 1958. Mkutano wa siasa hauruhusiwi. Mkutano wa wakulima wa pamba unaruhusiwa. Sihitaji kuwaeleza watu walifanya nini. Baba mdogo anasema mlikuwa mnaitwa kujadili magunia, na baada ya magunia hakuna aliyesimama kuondoka.

Chombo chenyewe kilisajiliwa mwaka 1955: Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililobeba vyama vya msingi chini, muungano wa vyama katikati, na ofisi kuu Mwanza juu yake, Bomani akiwa meneja mkuu. Mwaka 1956 likapata kinu chake cha kwanza, Kasamwa, upande wa Geita. Ilipofika mwaka 1960 pamba ya ukanda mzima, kuanzia Geita mpaka Musoma, ilikuwa inapita kwenye vyama vya wakulima. Watu waliliita ushirika mkubwa kuliko wote Afrika. Baba yangu alikuwa na kadi ya uanachama, aliitunza ndani ya Biblia, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa.

Hapa niingize neno langu. Kadi ile ilikuwa ya baba. Palizi ilikuwa ya mama. Aliyeinama tangu Januari, aliyechuma vidole vikachomwa na maganda makavu ya vitumba, aliyechambua safi na fifi usiku kwa kibatari, hakuwa mwanachama. Siku ya mizani wanaume walifunga mizigo kwenye baiskeli, wakaenda, na fedha zikaingia mfuko wa shati. Harakati za Bomani zilimtetea mkulima vizuri sana, ila ziliyaamini yale yale ya kila mtu kuhusu mkulima ni nani. Sijawahi kusoma kumbukumbu ya mwanamke aliyekaa kwenye bodi za siku zile, na katika chama nilichofanyia kazi mimi, miaka thelathini baadaye, wanawake waliokuwa na namba zao wenyewe walikuwa wajane.

Bomani aliingia Baraza la Kutunga Sheria katikati ya miaka ya 1950, na Septemba 1960, Nyerere alipounda serikali ya madaraka, alimpa Kilimo. Mwaka 1962 akampa Fedha, akimpokea Sir Ernest Vasey. Kwa wakulima wa kwetu hilo lilikuwa jambo la kifahari: karani wetu sasa anahesabu fedha za nchi nzima.

Ila mizani haikupumzika. Shirikisho lilipokuwa dogo, mwanachama alimjua katibu wake kwa jina na alijua nyumba yake. Lilipokua, likahitaji malori, maghala, makarani, wahasibu, wasimamizi wa makarani, na wote walilipwa kutoka kwenye kilo ya mkulima. Chama cha msingi kilikata chake, shirikisho chake, halmashauri ya wilaya ushuru wake. Bei ya soko la dunia nayo ikashuka ilivyopenda. Mkulima aliyepigania mizani ya haki akajikuta anapimiwa sawasawa na bado anarudi na fedha kidogo, na sasa hakuwa na Mhindi wa kumlaumu.

Septemba 1965 ulikuja uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja. Kila jimbo TANU iliweka watu wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyesoma apige kura kwa picha. Wengi walidhani mawaziri watapita kwa heshima tu. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu aliyewapa wakulima wa pamba chombo chao, aligombea Mwanza, ndani ya nchi yake ya pamba, akashindwa.

Wasomi wana maelezo mengi ya kura ile. Langu ni la karani: walimhukumu palepale walipompata. Mtu akipanda kwa mizani atashushwa kwa mizani, hata kama siyo yeye tena anayeishika. Baba mdogo hakuwa mpiga kura wa Mwanza, alisikia redioni, na nilipomuuliza kama watu wa kwetu walisikitika, alifikiri kidogo akasema, "Walisikitika. Halafu wakauliza malipo ya pili yanakuja lini."

Mwalimu alimrudisha barazani akampa wizara nyingine. Mwaka uliofuata Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko, malalamiko yalivyokuwa yamejaa, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha shirikisho la Victoria lilikuwa limepisha Nyanza Co-operative Union. Bomani mwenyewe alipelekwa Washington kuwa balozi mwaka 1972, akakaa huko mpaka mwaka 1983. Ina maana hakuwapo mwaka 1976 serikali ilipofuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na kuikabidhi pamba kwa mamlaka ya serikali. Ningependa kujua alisema nini siku aliyosoma habari ile ubalozini. Mwalimu, kwa upande wake, alikiri waziwazi katika miaka ya 1980 kwamba kufuta ushirika na kufuta serikali za mitaa yalikuwa makosa. Viongozi wachache hukiri. Lakini kukiri hakukurudisha malori, wala wahasibu waliokuwa wamekwishatawanyika, na sisi tulioajiriwa vyama viliporudi tulikuta maghala yenye popo na mizani iliyoshika kutu.

Ya baadaye nitayapitia haraka, kwa kuwa wasomaji wengi mmeyaishi. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua. Miaka michache ya kwanza fedha zilikuwa taslimu na watu wakafurahi. Baadaye mchezo wa mshale ukarudi, safari hii na mashindano ya kampuni. Tangu mwaka 2018 serikali imerudisha ununuzi kwenye vyama vya msingi, sasa tunaviita AMCOS. Mwaka 2019 bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likaanguka, wanunuzi wakasita, na sisi tukakopwa. Kukopwa, kwa wasiolima pamba, ni hivi: unapeleka kilo zako, zinapimwa vizuri kabisa, unapewa karatasi, unaambiwa fedha zikija utaitwa. Mimi niliitwa baada ya miezi, mvua za kupandia zikiwa zimekwisha kuanza. Mnunuzi wangu simtaji. Kwa haki niongeze kwamba na yeye alikuwa anadaiwa na benki.

Bunda nayo huwapima wanasiasa kama Mwanza ilivyompima Bomani. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Stephen Wasira alihama CCM akagombea kwa NCCR-Mageuzi, akamshinda Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu mstaafu. Mahakama ilitengua matokeo, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Rufani. Wasira alirudi CCM, akarudi bungeni mwaka 2005, na aliwahi kuwa Waziri wa Kilimo zaidi ya mara moja. Oktoba 2015 alikuwa ndiye Waziri wa Kilimo wa nchi, na Bunda Mjini ilimchagua Ester Bulaya wa CHADEMA. Waziri wa Fedha 1965, Waziri wa Kilimo 2015. Bunda Mjini si pamba peke yake, kuna maduka, bodaboda na vijana wasiotaka kusikia habari za jembe, kwa hiyo sitalazimisha mfano uende mbali kuliko unavyoweza. Wala Wasira hakuishia hapo: Januari 2025 CCM ilimchagua kuwa Makamu Mwenyekiti wake wa Tanzania Bara. Wazee wa ukanda huu huanguka jimboni wakainukia kwingine, kama Bomani, aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993 hadi alipofariki Aprili 2005.

Kuna swali ambalo kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa nakusanya haya: Bomani alilima wapi? Ni swali zuri. Hakuwa mkulima wa kuamka na plau. Alikuwa mtoto wa mhubiri na mtu wa daftari. Vijana wanaotaka udiwani siku hizi wanapiga picha wameshika jembe, shati limepigwa pasi, wakidhani hiyo ndiyo sifa. Wakulima wa miaka ya 1950 walikuwa na majembe ya kutosha. Walichokosa ni mtu wa kukaa upande wao wa meza anayejua kusoma upande wa pili.

Msimu uliopita mgombea mmoja wa udiwani, mkulima kweli, wa pamba na alizeti, alikuja kijijini kwetu. Alizungumza juu ya tembo wanaotoka Serengeti na kumaliza mashamba kwa usiku mmoja, na kifuta jasho kinachochelewa mpaka mtu ameshasahau shamba lilikuwa na ekari ngapi. Alizungumza juu ya lambo na barabara. Watu walisikiliza kwa adabu. Ndipo mama mmoja, mwanachama mwenye namba yake mwenyewe, akasimama akamuuliza kwenye kila kilo tunayouza yanakatwa makato mangapi, na kila moja linakwenda kwa nani.

Mgombea alitaja mawili, akasita. Akamwomba katibu wa AMCOS aliyekaa mstari wa mbele amsaidie. Katibu akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kuyasoma moja baada ya jingine, na mama yule akaendelea kusimama, kalamu mkononi, akiyaandika kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Alipomaliza alisema bado moja halikutajwa, na mkutano ukaanza upya.